Kipa wa Timu ya Stesheni

Kopo la grisi lilikuwa nyuma ya mashine ya kukata nyasi, chini ya nyavu kuukuu ambazo panya walikuwa wamezitafuna. Nilipolifungua nione kama bado lina kitu cha maana, harufu ilinipanda puani nikalazimika kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nimefika umri ambao ukikaa ghafla wenzako wanaogopa. Byamungu, niliyekuwa nasafisha naye kibanda, akaacha kufunga maboksi.

"Papa, uko mgonjwa?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Iyi kopo tutupe?"

"Iache kwanza."

"Papa, uko nalia juu ya mafuta ya mashini?" Akacheka, lakini kwa adabu. "Kwetu Bukavu timu ikikufa batu banachoma tairi mu barabara. Hapa banakunywa chai, banaenda kulala."

Ndivyo ilivyokuwa. Klabu ilikufa msimu huu wa masika bila kelele. Ilikuwa klabu ndogo pembeni mwa Birmingham, mabasi mawili kutoka Newtown ninakokaa, na haikuwahi kucheza ligi ambayo mtu wa mbali angeisikia. Waliianzisha mafundi wa kiwanda ambacho sasa hakipo. Kiwanda kilipofungwa watoto wao wakaiendeleza, na watoto wao walipohama wakabaki wazee wachache, na mimi, na baadaye Byamungu aliyekuja kutoka Kongo na kupangiwa nyumba Castle Vale bila kumjua mtu. Mimi nilikaa getini miaka mingi. Jumamosi nyingine mbwa walioletwa na wenyewe walikaribia kuwa wengi kuliko watu. Kipa wetu wa mwisho alikuwa mtu mnene, fundi wa bomba, na kila alipofungwa Byamungu alipiga kelele, "Gardien, amuka! Kitanda iko nyumbani!" Kipa hakuelewa neno, akampungia mkono.

Sasa uwanja umeuzwa, na sisi wawili tulipewa kazi ya kutoa vilivyomo kibandani. Ningeimaliza kazi ile kwa saa moja kama si grisi. Ilikuwa harufu ya mikono ya baba yangu.

Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya reli mnaijua harufu hiyo, haitoki kwa sabuni. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli kwenye stesheni ndogo magharibi ya Tabora, na kazi yake ilikuwa kugeuza njia. Pale kwetu reli moja iligawanyika ikawa mbili ili treni zipishane, kisha zikarudi kuwa moja. Pa kugawanyikia palikuwa na mtambo wa chuma wenye mkono mrefu, umefungwa kwa kufuli, na ufunguo alikaa nao mtu wa zamu. Baba aliufunga kwa kamba kiunoni. Aliupaka mtambo ule grisi kila asubuhi, na grisi ile ikaingia kwenye kucha zake, kwenye chapati alizotumegea, hata kwenye kofia ya msikitini.

Na baba ndiye aliyekuwa kipa wa Timu ya Stesheni. Kabla ya mechi alichota majivu jikoni kwa mama akajisugua viganja mpaka vikawa vyeupe, maana mpira ulikuwa unamteleza. Watani wa timu nyingine walilijua hilo. "Kipa mafuta!" waliimba nyuma ya goli. "Mpigeni chini, atauza!" Baba aliwajibu kwa kuwaonyesha viganja vyeupe kama mtu anayeaga.

Timu yenyewe ilizaliwa kwa sababu ya uchovu. Vijana wa reli walikuwa wakingoja treni siku nzima bila la kufanya, wakapigana kwa ajili ya karata, stesheni masta akawanyang'anya karata akawapa mpira. Hiyo ndiyo historia niliyosimuliwa. Jezi alizishona mama yangu kutoka kwenye bendera za reli zilizochakaa, upande mmoja nyekundu, upande mwingine kijani. Zilipendeza sana, mpaka siku winga wetu alipofuata mpira uliotoka nje akakimbia kando ya reli akiupungia mikono, na dereva wa treni aliyekuwa anaingia akaona nyekundu inapepea. Akafunga breki kwa nguvu zote. Kuku wa abiria walitoka kwenye matenga, mama mmoja akaangukiwa na gunia la mihogo. Toka siku hiyo stesheni masta aliamuru nyekundu yote ing'olewe, na mama akashona upya. Timu ikawa ya kijani mpaka mwisho wake.

Uwanja ulikuwa kando ya njia, ng'ambo ya ghala la mizigo. Tulianza kucheza saa kumi jioni, na katikati ya mchezo ilifika treni ya mizigo kutoka Kigoma. Ilipiga honi ikiwa bado kwenye mwinuko, nje ya stesheni. Hapo refa wetu, karani wa ghala, alipuliza filimbi. Wachezaji wote wakakaa chini. Baba akavuka uwanja mbio na sweta lake la kipa, akafungua kufuli, akavuta mkono wa mtambo, treni ikaingia njia ya pembeni ikiunguruma. Wanawake wakauza karanga na miwa. Baba akairudisha njia, akafunga kufuli, akarudi akikimbia, watu wakampigia makofi, timu zikabadilishana magoli.

Mimi niliamini kwamba hiyo ndiyo sheria ya mpira duniani. Niliamini kwamba mapumziko huletwa na treni, na kwamba kila kipa ulimwenguni ana ufunguo kiunoni. Siku mwalimu alipotusomea habari ya mechi iliyochezwa Dar es Salaam nilinyoosha mkono nikauliza treni ilipita dakika ya ngapi. Darasa lilicheka. Mimi sikucheka, niliwahurumia kwa kutojua.

Tena niliamini kwamba treni ile ilimtii baba. Ilipopiga honi nilidhani inamwomba ruhusa. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na kila mchana nilimpelekea chakula pale kwenye mtambo. Alikula, mimi nikaushika ule mkono wa chuma na kuvuta kwa mchezo huku kufuli limefungwa. Nilijua kila hatua. Kufuli, pini, kuvuta, kushikilia. Niliamini ningeweza kuifanya kazi ile nikiwa nimefumba macho.

Kisha wakubwa wa reli wakatangaza kwamba timu zimekuwa nyingi. Kwa upande wetu wa njia itabaki moja tu itakayopewa mpira, jezi na uwanja. Sisi tungecheza na timu ya karakana ya Tabora, mara moja, na atakayefungwa timu yake inavunjwa. Wenzetu wa Tabora walikubali kuja kwetu, maana kwa hesabu yao ilikuwa kama kuja kuchukua mzigo wao ghalani.

Kwa watu wa mjini huenda lilikuwa jambo dogo. Kwetu hapakuwa na kingine. Hapakuwa na sinema, hapakuwa na soko la maana, palikuwa na treni ambazo zilisimama kidogo zikaendelea kwenda mahali penye maana zaidi. Timu ilikuwa sababu pekee ya mtu wa kijiji cha mbali kulitaja jina la stesheni yetu. Wiki ile baba alijisugua majivu hata siku zisizo za mazoezi.

Watu wa karakana walikuja na treni ya abiria, na refa wao, na viatu vya mpira miguuni, wote kumi na mmoja. Kwetu walikuwa na viatu watatu. Masanja, nahodha wetu, mpakiaji wa mizigo mwenye kifua kama pipa, alikwenda kumweleza refa desturi yetu kabla hawajaanza.

"Bwana refa, treni ya Kigoma ikipiga honi tunasimama kidogo. Kipa wetu ana zamu."

Refa alimtazama kama anatazama mtu anayemwomba chumvi msikitini. "Mpira una dakika tisini. Hauna treni."

"Ni dakika chache tu, bwana."

"Basi mleteni kipa asiye na zamu."

Hapakuwa na kipa mwingine, wala hapakuwa na mtu mwingine wa zamu. Mwenzake baba alikuwa kitandani na homa. Baba aliposikia alisema treni huja katikati, huenda itaingia wakati wa mapumziko kama kawaida. Wote tukakubali, kwa kuwa tulitaka kukubali.

Kipindi cha kwanza Masanja alipiga mpira wa adhabu kutoka mbali, ukagonga nguzo ukaingia. Bibi mmoja aliyekuwa hajui kinachoendelea alianguka akizirai kwa sababu ya kelele. Mapumziko yakafika. Treni haikuja. Watu wakakaa wakitazama upande wa magharibi, hata wale wa karakana wakauliza, "Mnangoja nini?" Refa akapuliza, mchezo ukaendelea bila treni, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona mapumziko yakipita yenyewe. Nilihisi dunia imekosewa mahali.

Baba alicheza vizuri siku ile kuliko siku zote nilizomwona. Alidaka, alipangua, alijitupa kwenye changarawe mpaka kiwiko kikachubuka kikawa chekundu. Mimi nilikaa nyuma ya goli lake na kila alipodaka alinitupia jicho. Tulikuwa tunaongoza moja bila, na mchezo ulikuwa umebaki kidogo sana, watu walikuwa wameshaanza kuimba. Ndipo honi ikalia kule kwenye mwinuko.

Watu wote wakamgeukia refa. Refa hakupuliza.

Lazima nieleze kwa nini treni ile isingeweza kuachwa ingoje. Pale kwenye mwinuko treni yenye mzigo haikuruhusiwa kusimama. Kabla sijazaliwa mabehewa yaliwahi kukatika pale yakarudi nyuma kwa kasi, na mfanyakazi wa breki aliyekuwa behewa la mwisho hakuonekana akiwa mzima tena. Na siku ile njia kuu ilikuwa imezibwa, treni ya abiria iliyowaleta watu wa karakana ilikuwa bado imesimama hapo ikingoja kupishana na ile ya mizigo, wanawake na watoto wakiwa ndani wanakula. Njia isipogeuzwa, treni ya mizigo ama isimame mwinukoni, ama iingie moja kwa moja kwenye treni ya watu wale. Kila mtoto wa stesheni alilijua hilo.

"Saidi, usitoke!" Masanja alimpigia kelele baba. "Dakika mbili tu! Usitoke!"

Mtu mwingine pembeni akapaza sauti, "Mpe mtoto ufunguo! Mtoto anajua!"

Nikasimama. Nilijua. Nilikwenda mpaka kwenye nguzo ya goli nikanyoosha mkono. Watu walianza kuitikia, "Mpe mtoto! Mpe mtoto!" Mpira ulikuwa upande wa pili wa uwanja. Baba aligeuka akanitazama, mkono wake ukaenda kiunoni kwenye ile kamba, nami nikafungua kiganja. Honi ikalia mara ya pili.

"Si kazi yako," akasema.

Akatoka golini akikimbia. Sikuwahi kusikia watu wakiguna namna ile, kama mtu mmoja mkubwa aliyepigwa tumboni. Masanja alikimbilia golini kushika nafasi yake. Mimi nikamfuata baba, sijui kwa nini, nadhani nilitaka bado kumwambia kwamba naweza.

Tulivuka reli. Alifungua kufuli, akauvuta mkono wa mtambo kwa mwili wote, akaulalia. Treni ikatokea, nyeusi na ndefu, ikapita kati yetu na uwanja. Sisi tukawa upande mmoja na mechi ikawa upande wa pili. Kilichoonekana kilionekana kwenye mapengo ya mabehewa. Behewa, kisha kipande cha uwanja, watu wa karakana wanakimbia. Behewa, kisha kipande kingine, Masanja ameruka. Behewa. Kisha mpira uko ndani ya wavu na watu wenye viatu wamekumbatiana. Treni ile haikwisha. Tukasikia kelele nyingine ambazo hatukuona chanzo chake, na kwenye pengo lililofuata Masanja alikuwa amekaa chini ndani ya goli, miguu ameinyoosha mbele kama mtoto mchanga.

"Ningeweza," nilimwambia baba. Nilikuwa nalia. "Ningeweza peke yangu, na wewe ungekaa."

Alikuwa ameulalia ule mkono wa chuma, shavu limegusa grisi, anayatazama magurudumu. Alikaa hivyo mpaka behewa la mwisho lilipopita na mtu wa breki akatupungia. Wakati tunarudi refa alikuwa ameshamaliza. Mbili kwa moja.

Hakuna aliyemtukana. Labda ingekuwa afadhali. Masanja hakumsalimia muda mrefu, na ile bendera ya kijani tuliyoizoea migongoni mwa vijana mama aliigeuza kuwa foronya na vitambaa vya kufunikia maziwa. Uwanja ukawekwa magogo ya mbao zilizongoja kusafirishwa. Watu wa karakana walimwita baba akadake kwao, hawakuwa wajinga, wakamwahidi na nyumba. Alikataa. Hakucheza tena popote.

Nami sikumpelekea chakula tena. Nilisema nina masomo. Dada yangu mdogo alipeleka badala yangu. Nilichokisikia siku ile si "si kazi yako", nilichokisikia ni "wewe huwezi", mbele ya stesheni nzima, na nikakihifadhi. Ndicho kilichonifanya nimalize sekondari, ndicho kilichonipeleka reli, kwenye ishara na njia, ndicho kilichonifanya nichaguliwe kuja Uingereza kusomea mitambo ile ile. Nilitaka kurudi siku moja nimwonyeshe cheti. Sikurudi. Masomo yaliisha, nikapata kazi kwenye karakana ya mabasi hapa Birmingham, mwaka ukaja mwingine ukafuata. Baba alipofariki nilituma rambirambi kama mtu wa nje.

Katika masomo yale mwalimu alituonyesha jinsi njia inavyoweza kuonekana imefunga na kumbe imebaki na nafasi ya unene wa kidole. Gurudumu likipita hapo linatoka nje. Alisema mtambo wa zamani ulihitaji uzito wa mtu mzima. Nilielewa mara moja, nikamwona mtoto wa miaka kumi ameulalia mkono wa chuma akiamini umefika mwisho. Lakini nilielewa kwa kichwa tu. Nilijiambia basi, mzee alikuwa sahihi kiufundi. Nilidhani yote yalihusu nguvu zangu.

Nililielewa jambo hilo vizuri nikiwa mzee tayari, na haikuwa sifa kwangu.

Mke wangu, Mwanaidi, aliishi hapa miaka mingi bila Kiingereza. Alikuwa na Kiswahili, na Kinyamwezi, na maduka ya mtaa wa Lozells ambako Wahindi waliotoka Nairobi na Kampala walimuuzia unga na dagaa kwa Kiswahili chao, akarudi nyumbani ameridhika. Kwa mambo mengine nilimsemea mimi, au binti yetu Asha. Halafu tukawa na mjukuu, Salma, aliyelelewa kwetu kwa kuwa mama yake anafanya kazi ya kuhudumia wagonjwa zamu kwa zamu. Salma alielewa kila tulichosema na alijibu kwa Kiingereza, isipokuwa kwa bibi yake, ambaye alimwokotea Kiswahili cha vipande vipande. Tulijivunia Kiingereza chake. Cha kwangu ni cha karakana, madaktari hunirudishia maneno kama chenji mbovu.

Mwaka juzi Mwanaidi alipoanza kukonda alipewa siku ya kwenda hospitali kusikia majibu ya vipimo. Siku hiyo hiyo, jioni, klabu yetu ilikuwa na mechi ya kubaki. Ikifungwa ingeshuka, na viongozi walikuwa wamesema ikishuka hawataendelea. Nilitakiwa uwanjani tangu mchana kuchora mistari, mvua ilikuwa imefuta yote.

"Baba Asha, huji?" Mwanaidi aliuliza huku anajifunga kilemba.

"Nenda na Salma, yuko likizo. Kiingereza chake kinanishinda."

"Ni mtoto."

"Atakutafsiria tu. Si kazi kubwa."

Salma alikuwa na miaka kumi. Alikuwa amesimama mlangoni amevaa koti, amefurahi kwa kupewa kazi ya mkubwa. Nikamwambia asikilize vizuri kila neno la daktari. Akaniambia kwa Kiingereza nisiwe na wasiwasi.

Niliporudi usiku nilikuta wamekula. Mwanaidi alisema daktari amesema ni uchovu wa damu, atapewa dawa, arudi baada ya wiki tatu. Nilimshukuru Mungu nikalala.

Wiki zile tatu Salma alibadilika. Alimfuata bibi yake kila chumba. Alimbebea mkoba wa kwenda dukani, mkoba mtupu. Shule ilipofunguliwa alilia kila asubuhi hataki kwenda, na chakula aliacha nusu. Tulisema anadeka. Mimi nilimkemea mara mbili, mara moja mbele ya Byamungu.

"Papa, muache mutoto," Byamungu alisema. "Iko na kitu."

"Kitu gani? Amezoea kubembelezwa."

Siku ya kurudi hospitali nilikwenda mwenyewe, na Salma akang'ang'ania kuja. Daktari alitukaribisha, akaanza kuzungumza kana kwamba sisi wote tunajua. Alisema, kama alivyokwisha kueleza mara iliyopita, ugonjwa umeshafika kwenye ini, na leo tuamue ni wapi Mwanaidi angependa kuhudumiwa katika miezi iliyobaki. Alisema taratibu, Kiingereza chepesi. Hata mimi nilielewa chote. Mwanaidi alikuwa anamtabasamia daktari, hajui.

Nikamgeukia Salma. Alikuwa anatazama sakafu, miguu haifiki chini.

Alikuwa ameshalisikia lote kwenye kiti kile kile. Daktari alikuwa amemwangalia yeye, na bibi yake alikuwa amemwangalia yeye, na yeye alikuwa na maneno ya upande mmoja tu. Akachagua la kumwambia bibi yake, kisha akalibeba lile jingine peke yake, wiki tatu, akitusikiliza tukimwita mdekaji. Hakuna mtambo wowote uliovunjika. Mwanaidi angekufa tu, alikufa baada ya miezi minne, nikiwa kando yake. Nami pale kwenye kiti cha hospitali ndipo nilipomwona baba yangu golini, mkono kiunoni, stesheni nzima inampigia kelele anipe. Hakuwa anapima nguvu zangu. Alikuwa anatazama maisha yangu yote yaliyosalia, endapo behewa moja lingetoka nje.

Nilimwambia Mwanaidi mwenyewe, kwa Kinyamwezi, tukiwa bado mbele ya daktari. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvuta Salma akampakata, ingawa hakuwa na nguvu za kumpakata mtoto mkubwa vile.

Nje, kwenye kituo cha basi, Mwanaidi alikaa kwenye benchi na sisi wawili tukasimama. Nilimwomba Salma msamaha. Sikujua unamwombaje msamaha mtoto, nikasema tu kwamba siku ile nilipaswa kwenda mimi. Aliinamisha kichwa akawa anachezea zipu ya koti. Mabasi mawili yakapita ambayo hayakuwa yetu.

"Babu," akasema, na kwa mara ya kwanza akaniambia kwa Kiswahili, polepole, anatafuta kila neno. "Ile siku. Mpira wako. Mlishinda?"

"Tulishinda," nilimwambia.

"Vizuri," akasema, akaenda kukaa na bibi yake.